Herufi Zisizo na Mikia

Bertilla alikuwa ameandika mabango pale mtaani Chanji kwa miaka kumi na sita, na hakuna aliyewahi kumsikia akiiombea kazi yake radhi. Adriano, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa Malangali, alipofika kibandani kwake na kiroba kitupu mkononi, Bertilla alimpa kigoda, akakigeuzageuza kile kiroba, kisha akasema, "Mwenyekiti, aliyeandika hapa alikuwa anapamba harusi."

Adriano hakucheka. Kiroba kilikuwa cha mbegu za mahindi zilizotiwa dawa. Maneno yake yalichapwa kwa herufi za madoido, zenye mikia na vivuli, na wino ulipotambaa kwenye nyuzi, mikia ikashikana. Katika ghala la kikundi, lenye dirisha moja tu, Evodia, mkamwana wa bibi Coleta wa kikundi hicho, alikibeba akidhani ni mahindi ya chakula. Akakifikisha mpaka kwenye mashine ya kusaga. Mwenye mashine alipofungua mdomo wa kiroba ndipo alipoziona punje nyekundu kwa dawa, akazima mtambo.

"Herufi zile nilizichagua mimi," Adriano alisema, macho yakiwa chini. "Niliona zina heshima."

"Nipe wiki mbili. Nitakutengenezea zinazosomeka."

Hakutaka kuiga za mtu. Alitoa bikari na rula, akachora duara kamili, nene kama kidole gumba, na kutoka duara hilo akaikata G. Nusu yake ikawa kitako cha U. M akaijenga kwa mistari minne iliyonyooka kama nguzo za zizi. Hakuna mkia, hakuna kivuli, unene ni uleule juu mpaka chini. Alipomaliza neno MBEGU alilibandika ukutani, akarudi nyuma, akaguna.

G ilionekana fupi kuliko E. Akapima. Kimo kilikuwa sawasawa. Akapima tena, maana Bertilla alikuwa mtu wa kuiamini rula kuliko maneno ya watu, na rula ikajibu vilevile. Akanywa chai iliyopoa. Mwishowe akasema kwa sauti, ingawa alikuwa peke yake, "Lakini rula haisomi. Anayesoma ni jicho."

Basi akaiongeza G unywele mmoja juu ya mstari na unywele mmoja chini yake, na papo hapo ikalingana na nyingine. Mistari ya kulala ya E, iliyoonekana minene kuliko ule uliosimama, akaipunguza kidogo. Matundu ya B akayapanua, ili wino ukitambaa usiyazibe. Siku ya kumi alikata herufi zote kwenye bati, tayari kupaka rangi kupitia matundu yake juu ya viroba.

Siku ya kuzijaribu, wanakikundi walikusanyika ghalani. Adriano alizitazama, akakuna kidevu. "Fundi, mbona umezivua nguo?"

"Zimevaa za shambani, mwenyekiti. Zinakwenda kazini."

Bertilla alipanga viroba vitano alivyokwisha kuviandika kwenye ukuta wa mwisho, kule kwenye giza, kisha akamfuata bibi Coleta mlangoni. Bibi huyo alijifunza kusoma ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, na siku hizi macho yake yalikuwa na ukungu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Kile kiroba cha kwanza kimeandikwaje?"

Coleta alikaza macho. Watu wakaanza kunong'ona, mmoja akataka kumsaidia, Bertilla akamnyamazisha kwa mkono. Hakuwa na wasiwasi hata chembe.

"M-be-gu," Coleta alisema. Halafu haraka, bila kukata, "Sumu. Usile." Akainua kidole chake. "Na cha pili vilevile. Cha tatu ni mahindi ya kula. Cha nne, sumu. Cha mwisho, cha kula."

Evodia, aliyekuwa nyuma yake, alijifunika uso kwa kanga na kulia, mkwewe akimpapasa mgongo. Adriano alivua kofia.

"Paka vyote," akasema.

Msimu ule hakuna kiroba kilichokosewa. Baada ya mavuno, Minza, ambaye familia yake ilihamia Ufipa na ng'ombe wao kutoka upande wa Shinyanga, alikuja kuomba bango la josho la kuogeshea ng'ombe: MAJI YA DAWA, USINYWE. Alilitaka lisomeke kabla mtoto hajafika ukingoni, na likasomeka kutoka ng'ambo ya zizi. Zahanati moja nayo ikaomba vibao vya milango.

Habari zikamfikia Shedrack, mwenye duka la kuchapa karatasi Kizwite. Alifika na kompyuta yake, akamweleza Bertilla kwamba herufi hizo zinaweza kuingizwa humo, mtu akabonyeza tu zikatoka.

"Sawa, ila hakuna kuzigusa bila mimi kuwa pembeni yako," Bertilla alisema. "Na unywele wangu wa G usiusawazishe."

"Nimekuelewa, dada. Na herufi ndogo ziko wapi?"

"Hazijazaliwa. Vuta kigoda."

Alifuta meza, akatandaza karatasi mpya. Wakaanza na a.