Nanaa ya Mwanapili

Siku aliyozikwa Mwanapili, waliokuja Msambweni kumpa pole mumewe walionyesha heshima kubwa: walitandika majamvi juu ya nanaa yake. Chini ya mshelisheli palikuwa na kivuli kizuri, na nanaa ilivyozidi kukanyagwa ndivyo ilivyozidi kunukia. Wakakaa juu yake wakisifu mkono wa marehemu kwenye bustani. Waliopata nafasi wakachuma ya kutia chai.

Alipobaki peke yake, mumewe, Mzee Chirau, aliapa kwamba nanaa ile haitakufa mikononi mwake, na kwa miezi miwili akajitahidi sana kuiua. Kila Ijumaa aliimwagia ndoo mbili, kwa ukarimu wote. Mchanga uliyameza maji kabla hajageuka, na kufika Jumatatu majani yalikuwa yamelala chini.

Washauri hawakukosekana. Mpwa wake Swabir, mtunza bustani wa hoteli moja ya Diani, alikuja hata na kofia ya kazi.

"Shikamoo, mjomba. Hii inataka jua."

"Marahaba. Kule kwenu mna nanaa?"

"Hapana. Wageni wanapenda nyasi."

Mtaalamu akaihamishia nusu juani. Baada ya siku tatu ile nusu ilifaa kuwashia moto. Swabir akasema kosa ni la mchanga wa Msambweni.

Kanini, jirani aliyezoea kuja kuomba kitita cha nanaa ya chai, akasimama akaitazama nusu iliyosalia.

"Mzee, mama alikuwa akiimwagilia saa ngapi?"

"Hakuwahi. Miaka thelathini sikumwona hapa na ndoo."

"Sasa ilikuwa ikinywa wapi? Hotelini kwa Swabir?"

Chirau akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Kisha akaliona lile jiwe bapa kando ya nanaa, lililolainika kwa kukaliwa. Hapo ndipo Mwanapili alipokaa na birika lake kutia udhu, mara tano kwa siku. Maji ya mikono, ya uso na ya miguu yaliteremkia kwenye nanaa, kidogo kidogo, tangu alfajiri hadi isha. Miaka yote hiyo mumewe alikuwa msikitini, akifungua bomba.

Nanaa imeanza kuchipua. Siku hizi Mzee Chirau hutia udhu nyumbani, juu ya jiwe lile, na huingia msikitini amechelewa, miguu ina mchanga.