Maji Mazuri kwa Gari Kuukuu

Asubuhi moja ya vuli, Mzee Tak Gwangsik alichuchumaa mbele ya gari lake la kuuzia tofu, akachovya kidole kwenye tone lililokuwa likining'inia chini ya rejeta, akakiinua kidole kwenye mwanga. Tone lilipaswa kuwa la kijani. Lilikuwa na rangi ya chai iliyolala.

"Hayo si maji ya rejeta tena, ni maji ya kuoshea masufuria," alisema mkewe, Bunnam, aliyekuwa amesimama mlangoni na ndoo ya soya. "Lipeleke kwa mwanao, Baba Mungyu. Baridi hiyo inakuja, na ule mlima utakuumbua."

"Kumwaga maji na kutia maji, nako kunataka fundi?"

"Sijasema fundi. Nimesema mwanao."

Mzee Tak akajifanya kuipanguza taa ya gari. Mimi, jirani yao, nilikuwa ng'ambo ya ukuta naanika pilipili, na sikuhitaji kuchungulia ili nijue uso wake ulivyokuwa.

Mungyu alikuwa mtoto wao wa pekee. Alilelewa ndani ya mvuke wa soya, na baba yake alikwisha kumwandalia maisha yote: jiko la tofu, chemchemi ya mlimani iliyolinywesha jiko hilo, kengele ya kuitia wateja, na gari. Kijana alitakiwa kunyoosha mkono tu. Badala yake akachagua gereji. Siku aliyoaga, Mzee Tak alisimama kwenye mlango wa jiko, akasema neno ambalo natamani nisingelisikia: "Mkono unaonuka grisi usiguse tofu yangu." Mungyu aliinamisha kichwa, akaenda zake. Tangu hapo alikuja kila sikukuu, akainama mpaka sakafuni mbele ya wazazi wake kama inavyotakiwa, akala, akaondoka. Jikoni hakukanyaga. Na gereji yake, iliyokuwa mjini, ng'ambo tu ya mlima, baba yake naye hakuikanyaga.

Jioni simu ikalia. Bunnam alikuwa amekwisha kupeleka habari, bila shaka.

"Baba, usiliguse. Lilete, nitakufanyia asubuhi moja."

"Wewe una wateja wako."

"Nitawapanga. Lilete tu."

"Nilikuwa nalala chini ya magari kabla hujaota meno."

"Haya," alisema Mungyu. "Basi nisikilize vizuri, kuhusu maji..."

"Maji unanifundisha mimi? Maji ndiyo kazi yangu." Akakata simu.

Msidhani hakutaka kwenda. Alitaka, tena sana. Siku chache baadaye alivuka mlima na gari lake bovu mpaka kwenye taa za mwanzo wa mji, mahali ambapo bango la gereji linaonekana. Akamwona Mungyu mbele ya mlango, kiwiko juu ya boneti la mtu, anacheka na mteja. Taa ikawa ya kijani. Mzee Tak akageuza gari, akarudi nyumbani. Angeingia aseme nini? Baba aliyefukuza mikono ile, leo aje kuiomba? Barabara nzima alipiga hesabu yake: atalitengeneza gari mwenyewe, likae sawa, kisha siku moja aende gerejini bila shida yoyote. Ashuke na sinia la tofu ya moto, kama mgeni. Aseme alikuwa anapita tu.

Wazo hilo lilimpendeza mno, na kwa ajili yake akalala chini ya gari siku iliyofuata, mgongo juu ya maboksi ya tufaha. Injini ilikuwa ya baridi, kama inavyotakiwa. Akaifungua koki, maji machafu yakashukia kwenye beseni, akaifunga. Akatia dawa ya kuzuia maji yasigande. Yakabaki maji yenyewe. Mpira wa bomba ulikuwa umejiviringisha pale pale uani, hatua chache tu kutoka kwake.

Akautazama, akaupita. Maji ya bomba yananuka dawa, na maisha yake yote hakuwahi kuyatumia kwa kitu alichokiheshimu. Akachukua madumu, akapanda chemchemini. Maji yale yanatoka mwambani na mapovu kidogo na ladha ya chuma, ukipikia wali unageuka wa kibluu, na watu wanakuja kutoka Seoul kupanga foleni kwa ajili ya matumbo yao. Mungyu alipokuwa mdogo, tumbo lake lilikuwa halitulii, na Mzee Tak alimletea maji hayo mgongoni, kiangazi na theluji, mpaka mtoto akanenepa.

"Gari hili limetulisha miaka yote," alimwambia mkewe huku akimimina. "Nalo linywe kitu cha maana."

Bunnam alicheka, akamshikia faneli. Nami nilipoambiwa nikasema safi sana. Katika bonde letu hakuna ambaye angesema vingine, na hilo linaniuma mpaka leo.

Majira ya baridi yakaingia. Mshale wa joto ukaanza kupanda kidogo kidogo, na kila ulipopanda alisimama, akasubiri injini ipoe, akaongeza maji ya chemchemi. Hita ikawa inapuliza baridi. Bunnam, aliyekaa pembeni yake akipiga kengele, alijifunika blanketi mpaka kidevuni.

"Hili gari linanigandisha miguu, jamani."

"Uzee huo," alisema Mzee Tak. "Wa gari, si wako."

Mkesha wa mwaka mpya, gari likiwa limejaa tofu na yeye akiwa peke yake, mvuke ulifumka kwenye kona ya juu ya mlima. Injini iligonga kama mtu anayebisha hodi kwa hasira, kisha ikanyamaza. Tofu yote ikaganda humo humo. Mwaka ule mandu zetu, zile sambusa za kuchemsha za sikukuu, zilikuwa za nyama na kabichi tu, bila tofu, na hakuna aliyethubutu kulalamika mbele ya Bunnam.

Yaliyofuata alinisimulia Mzee Tak mwenyewe, siku nyingine kabisa, bila kuniangalia usoni.

Mungyu alikuja mwenyewe na gari la kuvuta. Walirudi mjini wamekaa bega kwa bega, kengele mapajani mwa baba, gari la tofu likiburuzwa nyuma yao. Hivyo ndivyo Mzee Tak alivyoingia gerejini kwa mwanawe kwa mara ya kwanza.

Mungyu alifungua kifuniko cha rejeta, akaingiza kidole. Kikatoka na tope jekundu. Akalisugua katikati ya vidole, na taratibu uso wake ukabadilika.

"Baba, ulitia maji gani?"

"Ya chemchemi."

"Yale yetu?"

"Yale yale. Sikulinyima."

Mungyu alifumba macho. "Yana chuma, Baba. Yamefanya kutu ndani, njia zote zimeziba."

"Wewe yalikuponya."

"Mimi si injini, Baba." Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma mzee.

"Litapona?"

"Hedi imepinda kwa joto. Injini imekufa."

Mzee Tak akatafuta pa kuweka macho. Juu ya rafu, mbali na vitu vingine, kulikuwa na madumu mawili ya dawa ya rejeta, mapya, hayajafunguliwa, mabega yake meupe kwa vumbi.

"Yale mbona umeyatenga?"

Mungyu aliangalia rafu, kisha tope la mkononi. "Yale? Ya gari lako. Tangu vuli."

Alianza kutoa vitu garini: mbao za tofu, blanketi la mama yake, na dumu la maji ya chemchemi lililobaki nusu, vipande vya barafu vikigongana ndani.

"Haya niyamwage?"

"Utakavyo."

Mungyu akafungua kifuniko, akanusa. "Nina kiu kweli," akasema, akaangaza macho kutafuta tambara la kufutia mikono.

"Lete, nikushikie. Mikono yako..." Mzee Tak akaishia hapo.

"Inanuka grisi," Mungyu akammalizia.

Baba akalichukua dumu. Akaliinua kwa mikono yote miwili, akalielekeza kinywani mwa mwanawe, mtu mzima aliyemzidi kimo, na ikambidi anyanyuke kwa vidole vya miguu. Maji yalimwagika kidevuni, yakaingia shingoni mwa ovaroli. Mungyu alikunywa, akanywa, kisha akageuza uso pembeni.

"Bado yana ladha ya msumari," akasema.

"Taratibu," alisema Mzee Tak, dumu bado liko juu, ingawa mwanawe alikuwa amekwisha kunywa. "Taratibu, utapaliwa."