Ikipanda, Uza

Mama Mikoba alisimama mbele ya dirisha la duka la kubadilisha fedha alikoajiriwa mdogo wake, akatazama ubao wa bei za fedha. Dola ilikuwa imeanguka vibaya. Na dola alizomwachia mdogo wake auze ndizo alizozitegemea zimnunulie ngozi ya oda ijayo, na zimlipe wifi yake ili asimwachishe kazi ya kushona mikoba.

"Umeuza kwa bei hiyo?"

"Zote, dada," alijibu mdogo wake, meno nje. "Si uliniambia ikipanda, niuze? Asubuhi nikakupigia nikasema imepanda, ukasema uza haraka."

"Nini kilichopanda?"

"Sarafu yetu! Husikilizi redio?"

"Mimi nilisema dola!"

"Hukusema dola, dada. Ulisema ikipanda."

Kweli hakusema. Lakini mtu mwenye dola mkononi angesubiri kitu gani kingine kipande? Jamaa anashinda nyuma ya kioo hicho kutwa nzima, anauza na kununua fedha za watu, na hilo limempita! Alitamani kumpasha, ila wateja walikuwa wamejipanga nyuma yake, akameza.

"Usinune, ni habari njema," mdogo mtu aliendelea, hana hata chembe ya aibu. "Nchi imepata nguvu. Vitu vya nje vitakuwa rahisi."

"Mimi sinunui vya nje, nauza nje! Ngozi nainunua hapa hapa, na mwenye ngozi hajapunguza hata senti. Mnunuzi wangu ananilipa dola zilezile, nikizileta kwenu zinanywea. Nimemwomba aongeze kidogo, kanijibu mikoba iko tele kwingine."

"Vumilia basi, itashuka."

"Ipi?"

Mdogo wake akamsukumia bahasha ya fedha.

Njia nzima Mama Mikoba alipiga hesabu, nayo ikamkatalia kila alivyoigeuza. Fedha ile ingetosha ngozi, au ingetosha mshahara. Bila ngozi hakuna mikoba, na bila mikoba huyo mnunuzi angemsahau kabisa.

Katika chumba cha uani alimkuta wifi yake, mke wa huyohuyo mdogo wake, ameinamia mkanda wa mkoba, sindano inakwenda mbio.

"Wifi, umesikia?" alisema bila kuinua kichwa. "Mafuta ya kupikia yatashuka! Mume wangu kanipigia sasa hivi, anachekelea. Mwisho wa mwezi sinunui tena ya kupima, nabeba dumu zima."

Mama Mikoba akavuta kigoda, akaketi. Alikuwa amejipangia maneno ya upole tangu barabarani, yote yakamtoroka.

"Weka sindano chini, wifi."

"Ngoja kidogo, namalizia mkanda huu."

"Usiumalizie!" Sauti ilimtoka kwa ukali ambao ulistahili kubaki kule dirishani, akajichukia papo hapo. "Usiumalizie, mama. Sina cha kukulipa."