Maji ya Kwanza

Mdogo wangu Abdallah ni dereva mzuri, na angekuwa mtu mzuri zaidi kama mdomo wake angeuendesha kwa uangalifu anaoendeshea gari la watu. Hakuna asichokijua. Mwaka ule barabara za Doha zilikuwa zimefumuliwa zote, hata wenyeji wanapotea, lakini yeye aliapa kila mara kwamba yuko karibu kufika.

Basi kijana huyu akampenda Warda, binti wa kwetu Unguja, aliyekuwa akifanya kazi katika jiko la Kijapani la hoteli moja mjini. Warda hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema atajibu kabla ya kwenda likizo, ili kama ni posa ipelekwe yeye akiwa yupo kwao. Likizo yake ingeanza Jumanne. Ijumaa ya kabla yake nikamwalika chakula cha mchana kwetu Abu Hamour, maana mimi na mume wangu Idrisa ndio tuliokuwa wazee wao huku ugenini. Abdallah akatangaza kwamba atapika yeye.

"Pika pilau," nikamwambia. "Pilau unaiweza."

"Pilau kila mtu anapika, dada. Nitampikia kile anachopika yeye kazini. Aone na mimi najua."

Akatoa pakiti kubwa aliyoinunua supamaketi. Ndani mlikuwa na samaki, aina ya jodari, aliyekaushwa kwa moshi kisha akarandwa. Ndiyo, kurandwa, vipande vyepesi kama maranda ya seremala. Idrisa akanusa, akauliza kama hicho ni chakula au ni cha kutandikia vifaranga.

"Shemeji, hii ni Japani," Abdallah akamjibu kwa huruma.

Nilisimama mlangoni nikimwangalia. Akapiga bismillahi, akamchemsha yule samaki, akaimwaga sufuria kwenye chujio juu ya sinki, maji yote yakaenda zake. Ndivyo mama alivyotufundisha kupika papa mkavu, maji ya kwanza humwagwa yaondoke na chumvi na harufu. Akakamua vizuri. Akakaanga kitunguu na nyanya, akatia samaki, tui la kopo na ndimu. Nikajiambia kumbe mdogo wangu anaweza.

Warda alifika baada ya swala. Alipoiona ile pakiti uso ukamfunguka.

"Kumbe umenipikia supu," akasema. "Maji yake umeyaweka wapi?"

"Yale? Nimeyamwaga yote. Halijabaki hata tone, usiwe na wasiwasi."

Warda akavuta kiti, akaketi. Kisha akaeleza taratibu, kama daktari anayesoma majibu ya vipimo. Yale maji ndiyo chakula. Samaki hutiwa katika maji ya moto kwa muda mfupi tu, huchujwa, na maji hayo ndiyo wanayopikia Wajapani karibu kila kitu. Alichobakiza Abdallah ni makapi.

Nilimwonea huruma na kicheko kikanibana, yote kwa pamoja. Abdallah alifungua mdomo, nami nikajua maelezo yanakuja, pengine kwamba wako Wajapani wa upande fulani ambao humwaga. Kisha akaufunga.

"Basi nimeharibu," akasema. Sijapata kumsikia akisema hivyo tangu azaliwe.

"Siku yangu ya kwanza kazini nami nilimwaga," Warda akasema. "Sufuria nzima. Mpishi mkuu alipouliza, nikamwambia nimeikuta tupu." Akacheka. "Mimi nilidanganya, wewe umejisifu. Sijui nani mbaya zaidi. Haya, nenda kanunue pakiti nyingine."

Abdallah akachukua funguo, Idrisa akamfuata ili asipotee njiani. Tukabaki wawili. Warda akafunua sufuria, akajipakulia, akala.

"Ikoje?" nikauliza.

"Haina ladha hata kidogo. Tui tupu."

Akajipakulia tena.

"Sasa mbona unaongeza?"

Hakuinua macho kutoka kwenye sahani. "Tangu nifike Doha nawapikia watu, da' Mwanamkuu. Huyu ni wa kwanza kunipikia mimi."

Machozi yakanilengalenga, nikajifanya natafuta kijiko kabatini. Warda akamaliza, akafunika sufuria.

"Mwambie mama yenu apeleke posa," akasema. "Kwetu nitawaambia mwenyewe. Lakini yeye asijue leo. Mwambie bado nafikiri."

Abdallah alirudi jasho likimtoka, amekumbatia pakiti za kutosha kulisha hoteli. Warda alikuwa ameshajifunga kanga kiunoni, maji yako motoni. Abdallah akanivuta kando, akaninong'oneza, "Amesemaje?"

Nikamwambia bado anafikiri. Uso ukamshuka kiasi kwamba nilikaribia kumwambia yote. Nikauma midomo, nikamsukuma jikoni akafundishwe.