Moto Bila Mwito Hauandikwi

Barua ilitoka wizarani Dar es Salaam mwezi Machi 1962, miezi mitatu tu baada ya bendera ya Mwingereza kuteremshwa. Ilisema gari la zimamoto la Mwanza lipakiwe kwenye treni lipelekwe mji mwingine, kwa sababu Mwanza haina moto.

Haina moto! Mimi Salum Makame, dereva wa gari hilo kwa miaka saba, niliisoma sentensi hiyo mara tatu, nikacheka, kisha hasira zikanipanda. Nyumba za nyasi zimebanana, pamba imejazwa maghalani hadi darini, upepo wa ziwa unavuma kila mchana, halafu mtu aliyekaa chini ya feni anatuambia hatuna moto.

Kibaya zaidi, daftari letu lilimuunga mkono. Wakoloni walituachia kanuni moja ya kipumbavu: moto unaandikwa ikiwa tu mtu amekuja kituoni kutuita. Tukiona moshi tukaenda wenyewe, hauandikwi. Na watu wa Mwanza hawakuwa wakituita. Watuite vipi, wakati kwao mzimamoto na mumiani ni mtu mmoja, yule anayekamata watu na kuwanyonya damu ikatengenezwe dawa? Gari letu ni jekundu, wakasema limepakwa damu. Mipira yetu, wakasema ndiyo ya kunyonyea. Nikipita Kirumba nikipiga kengele, akina mama walikuwa wakiwaingiza watoto ndani na kukomea milango. Hata mama mkwe wangu, Mwanaharusi, alikuwa na miaka miwili hajaonja chakula nyumbani kwangu. Mwaka mzima wa 1961 daftari lilikuwa na miito minne, na mmoja ulikuwa wa mfanyabiashara aliyetaka tumwoshee paa.

Mwaka huohuo, kule Pasiansi, tulifuata moshi mpaka kwenye nyumba ya fundi cherehani aitwaye Maige. Tulifika tangi limejaa. Mkewe, Teodora, akapiga yowe: "Mumiani! Mumiani!" Majirani wakatumiminia mawe mpaka kioo kikavunjika. Nikageuza gari. Maige alirudi ndani kuokoa cherehani, na hakutoka tena. Moto ule haukuandikwa popote. Mimi niliuandika kichwani, na kila nikipita Pasiansi moyo uliniuma.

Mkaguzi aliyeletwa kuchukua gari aliitwa Bwana Chenge, kijana wa Kisesa, hapa jirani na Mwanza, aliyesomea Dar. Alifika kituoni asubuhi na suti yake na dereva wake.

"Bwana Salum, naomba ufunguo," akasema.

"Sitoi."

"Unasemaje?"

"Umenisikia. Ufunguo uko mfukoni mwangu na mfuko uko kwenye suruali yangu. Utaanzia wapi?"

Alinisomea barua kwa sauti. Serikali ina magari machache, akasema, na kazi yake ni kuyapeleka kwenye haja. Miito minne si haja. Nikamweleza habari ya mumiani, akatazama pembeni.

"Hayo siwezi kuyaandika kwenye ripoti," akasema. "Serikali huru itacheka."

Alikuwa amekwisha kumtuma dereva wake akatafute polisi wakati mlango wa uani ulipojaa wanawake. Nani aliwaambia, sijui hadi leo. Walikuwa thelathini au zaidi, wa Kirumba na wa Pasiansi, walewale waliokuwa wakinikomea milango. Walipita mbele yangu kimya, wakakaa chini kulizunguka gari, wakaliegemea kwa migongo. Wengine walikuwa wakitetemeka. Mbele kabisa alikuwa mama mkwe wangu, ameshika tairi kama anashika ng'ombe mkali.

Bwana Chenge alilelewa vizuri. Aliinamisha kichwa. "Shikamoo, mama."

Mwanaharusi hakuitika.

Akarudia, taratibu zaidi. "Shikamoo, mama."

"Nimekusikia," akasema Mwanaharusi. "Marahaba nitakupa gari likibaki."

Sijapata kuona mtu mzima akinyimwa marahaba mbele za watu, na Bwana Chenge naye nadhani hakuwahi. Ndipo Teodora akasimama.

"Umeandika miito minne," akasema. "Wa kwangu haumo, maana sikuita. Nilifukuza maji kwa mikono hii, mume wangu akaungulia ndani. Nani alikuja kunifundisha kwamba haya ni maji, kabla sijamzika? Mkoloni hakuja. Nyie mmekuja leo, na mmekuja kuchukua. Wewe si mtoto wa Kisesa? Gari hili lilipopita kwenu, mama yako alikuficha wapi?"

Kijana yule akajibu kwa sauti ndogo, "Chini ya magunia ya pamba."

"Basi liandike hilo."

Hakuandika. Lakini dereva wake aliporudi na polisi wawili, aliwaambia waende zao, na jioni akapanda treni bila gari letu. Juma lile watu saba walikuja kituoni kutuita. Wawili walikuja na watoto wao, wakawapandisha garini waguse mipira.

Nilidhani mambo yamekwisha. Siku ya tisa nikaitwa ofisi ya baraza la mji, nikakuta barua imekwisha kupigwa chapa, imebaki saini yangu tu. Wizara imekubali gari libaki, ila mimi niombe radhi kwa kukataa amri na kwa kuwachochea wanawake. Nikitia saini, kazi yangu ipo.

Kukataa amri, kweli nilikataa, na radhi ningeweza kuiomba nikiwa nimekunja uso. Lakini kuwachochea? Yaani Teodora alikuwa hana kichwa chake? Mama mkwe wangu, anayeogopa gari lile kuliko chatu, alishika tairi kwa sababu mimi nilimwambia? Damu ilinichemka. Hata kumwomba chumvi mama yule sikuthubutu!

Nikaikata sentensi ile kwa wino, mstari juu ya mstari, mpaka karatasi ikatoboka. Pembeni nikaandika kwa herufi kubwa: WALIKUJA WENYEWE.

"Unajua maana yake, Salum?" karani akaniuliza.

"Najua kusoma," nikamjibu, nikaweka ufunguo juu ya meza yake, nikatoka.