Nani Atafagia?

Majina yalikuwa bado yanapanda kwenye skrini na watu hawatoki. Redio alisimama kwenye mlango wa nyuma wa ukumbi, ufagio mkono huu, ndoo mkono ule, pua ikimwasha na hana mkono wa kuikuna. Nyuma yake dada yake ameshika toroli. Zamani majina yakianza tu kupanda, watu walikimbilia vyooni, na wafagiaji wakaingia kwa nafasi. Siku hizi filamu za masteringi, wale mashujaa wenye nguvu za ajabu, zimeleta utaratibu wake: baada ya majina yote, mpaka la aliyewachemshia chai, kinakuja kipande kidogo cha kuonjesha filamu ijayo. Kwa ajili ya kipande hicho watu wazima, wenye wake na waume, wanakaa gizani wakisoma majina ya mafundi umeme wasiowajua. Muda huo wanaokaa unakatwa kwenye muda wa kufagia.

Redio aliitwa Redio kwa sababu hakuwa na swichi ya kumzima. Dada yake aliitwa Dada na kila mtu, hata walinzi waliomzidi umri, kwa kuwa alikuwa na namna ya kukutazama ukajikuta unaokota mwenyewe bisi ulizomwaga.

Sheria ya ukumbi ilisema mfanyakazi haketi kiti cha mteja. Kwa hiyo miaka yote hiyo ndugu hawa walizijua filamu kwa mkia tu, kama mtu anayewajua ng'ombe wa jirani kwa nyuma. Waliona watu wakibusiana bila kujua waligombania nini. Waliona maharusi, mazishi, na wanaume wakitembea polepole huku kitu kinalipuka nyuma yao. Mwanzo hawakuwahi kuuona hata mmoja.

Tena kila filamu iliacha uchafu wake, ukiondoa ule wa watazamaji. Za mapenzi ziliacha mvua kidogo kwenye safu za mbele. Za vita ziliacha maganda ya risasi, ambayo Dada alimpelekea muuza vyuma chakavu mpaka Meneja akakataza, akasema ni mali ya kampuni. Moja ya baharini iliacha maji ya kifundoni na samaki mmoja aliyegoma kukaangika. Walifagia, wakakausha, wakamwaga nje. Kazi ni kazi.

Halafu ikaja *Majabari Wanane*.

Filamu hiyo ilisubiriwa mpaka wengine wakaoa wakisubiri, wakazaa wakisubiri, na watoto wao wakaja kusubiri nao. Masteringi wanane, kila mmoja aliyewahi kuwa na filamu yake mwenyewe, sasa wote chungu kimoja: anayeruka, anayewaka moto, anayevimba akawa ghorofa, na wengine wa kujaza picha. Siku ya kwanza foleni ilizunguka jengo ikajikuta imerudi kwake yenyewe, na watu wawili wa mwisho wakabishana nani amemtangulia nani.

Redio na Dada waliiona kama walivyoziona nyingine zote, kupitia ufa wa mlango, mwishoni. Waliona mtaa mzima umelala chini. Katikati ya kifusi mwanamume wa makamo amepiga magoti, nguo zake za kazi zimejaa saruji, kifuani ana tundu lililochomwa na moto. Wanane wamemzunguka, wamevaa nguo za kubana, hakuna hata mmoja aliyechafuka.

"Wanane kwa mmoja," Dada akasema. "Huyo ndiye steringi. Wanamwonea."

"Steringi hafi," Redio akamwambia.

"Basi hajafa."

Mwanamume akaanguka kifudifudi, akafa. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Makofi yalipopungua, Dada akasema kwa sauti ya kawaida, ile ya kumwambia jirani aliyefiwa: "Pole, baba."

Watu wa safu ya nyuma wakamgeukia, wakamwambia, "Shii!"

Hivyo ndivyo walivyofanya kosa lao, na ni kosa la wafagiaji peke yao. Mtu mwingine yeyote mjini alikuwa ameshajua tangu mwanzo wa filamu kwamba yule ndiye adui.

Taa zilipowaka, vumbi lilianza kumwagika kutoka kwenye skrini. Baada ya vumbi yakaja matofali, baada ya matofali nondo, fremu za madirisha, masinki, nusu ya ngazi. Mtaa wote ule uliolala chini ukaja kulala kwenye safu za mbele, na watazamaji wa kipindi kinachofuata walishaanza kugonga mlango. Redio akaanza kulalamika, akalalamika vizuri tu, kwa mpangilio. Ndipo yule mwanamume akashuka kutoka kwenye skrini, akanyoosha mgongo, akachukua koleo.

"Nyunyizeni maji kwanza," akasema. "Saruji haifagiliwi kavu."

Dada akaleta maji. Walifanya kazi watatu, na yule mtu alikuwa anajua kazi. Kwenye tundu la kifuani mwake ungeweza kusoma namba za viti vya upande wa pili. Redio alimuuliza kama linauma. Akasema linauma kipindi cha jioni zaidi, kwa sababu ukumbi unajaa.

Walimwita Fundi. Kwenye filamu aliitwa Mwashi, na habari zake walizipata kidogokidogo, kwake na kwa watu waliokuwa wakitoka. Majabari walipouokoa mji mara ya kwanza, waliubomoa mtaa wake. Akaujenga. Walipouokoa mara ya pili, wakaubomoa tena. Safari hii alikuwa ametengeneza mtambo wa kugeuza nguvu zao ziwe uzito, wasiweze kuruka, kuwaka wala kuvimba, washike mwiko na karai, wapange tofali moja moja kama watu. Katikati ya filamu aliwasimamisha mbele ya kifusi akawaambia: "Mmeshinda. Sasa nani atafagia?"

Maneno hayo yaliwaingia watu. Magazeti yalisema haijapata kutokea adui mwenye hoja namna hiyo. Wanafunzi waliyaandika kwenye mabegi. Watu walitoka ukumbini wakiambiana, "Nani atafagia?", wakacheka, wakaangusha vikopo vya bisi hapohapo walipokuwa wamesimama.

"Lakini mbona wanasema wewe mbaya?" Redio alimuuliza siku moja, wakisukuma toroli.

"Katikati kuna jengo nalibomoa mimi. Lina watu ndani."

Redio akanyamaza, jambo ambalo Dada alilikumbuka muda mrefu.

"Kwa nini?" akauliza baadaye.

"Waliniandikia. Bila hilo watu wangeondoka hapa wameniunga mkono, na kesho wanatakiwa kazini kama kawaida."

Alikuwa anashuka baada ya kila kipindi, akifa kwanza, kisha akifagia. Dada alimuuliza kwa nini anajisumbua. Akasema kwenye filamu nzima wanasema maneno maelfu, na humo hamna pole hata moja. Aliisikia inatoka mlangoni, akaona huko ndiko kwa kwenda.

Ila vumbi ni vumbi. Ukilinyunyizia maji linapungua, haliishi. Haikuchukua muda Dada akaanza kukohoa, kwanza kama mtu anayebisha hodi, halafu kama mtu anayeburuta kabati. Akitema, anatema kijivu. Usiku, nyumbani, Redio alikuwa anamsikiliza akivuta pumzi, akawa anamvutia na yeye, kana kwamba inasaidia.

Walikwenda kwa Meneja wakiwa na maombi mawili: barakoa za kazi, na Dada ahamishiwe mlangoni kukata tiketi, maana mzee aliyekuwa anakata alishastaafu na kiti chake kilikuwa kimekaa bure. Meneja alikuwa kijana mwenye harufu nzuri. Aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Dada yangu," akasema, "filamu ni mwanga tu. Mwanga hauingii kifuani."

"Na hii?" Redio akamwonyesha ndoo.

Meneja akachungulia ndani ya ndoo, akajipangusa pua. "Tuvumilie filamu iishe. Ikiisha, nitaliangalia suala la mlangoni."

Filamu haikuisha. Kila ilipokaribia kuondolewa, watu walijaa wakaiongeza.

Fundi alipopata habari, aliweka koleo chini, akapanda ofisini. Alikuwa na sauti ile iliyotikisa majumba ya sinema dunia nzima, na hakuibania. Alimweleza Meneja habari za watu wanaoanguka chini ya ushindi wa wengine. Alimweleza kifua cha mwanamke mmoja, pumzi kwa pumzi. Redio na Dada walikuwa wamesimama mlangoni, na Redio baadaye alisema hata feni ilipunguza mwendo. Meneja alilia. Alilia kweli, akatoa kitambaa. Akasema, "Hoja nzito sana, mzee wangu," akamwomba wapige picha ya pamoja.

Wiki iliyofuata zikaja fulana zenye maandishi mgongoni: NANI ATAFAGIA? Ziliuzwa pale pale penye bisi, zikaisha, zikaletwa nyingine. Wafagiaji walipewa bure, ziwe sare. Barakoa hazikuja.

Kilichomwondoa Dada si kifua chenyewe, ni kelele zake. Wateja walilalamika kwamba kuna mtu anakohoa nyuma ya mlango wakati wa kile kipande cha mwisho baada ya majina, na hawasikii filamu ijayo itamhusu nani. Meneja akamwita Dada, akamketisha, jambo ambalo lenyewe lilitosha kuwa habari mbaya.

"Tumeona tukupumzishe," akasema.

"Mnanifukuza."

"Hapana, Dada. Tunakupumzisha."

Akashuka ukumbini kumuaga mdogo wake. Ilikuwa katikati ya vipindi, taa zimewaka, Fundi anakusanya masinki. Dada alipowaeleza, Redio alivua fulana yake ya sare akatangaza kwamba anaacha kazi sasa hivi. Dada akamwambia avae nguo, nyumbani kuna watoto wanaokula.

Fundi akaweka sinki chini, akasema, "Mwanzo wa filamu, mtaa wangu umesimama. Ndiyo kwanza nimeumaliza, hata rangi haijakauka. Kuna bomba, kuna benchi, na asubuhi kuna upepo unaotoka mlimani. Dada, unaweza kukaa pale mpaka karibu na mwisho."

"Na mwisho?" Redio akauliza.

"Mwisho mnaujua nyie kuliko mtu yeyote."

Dada aliutazama ukumbi, viti na ndoo. "Mwanzo mimi sijawahi kuuona," akasema. Alivua aproni yake ya buluu akaikunja. Halafu akaikunjua akaivaa tena, kwa kuwa ina mifuko.

"Nyumbani niwaambie nini?" Redio akamuuliza.

"Waambie nimepata kazi ya kukaa."

Fundi akamshika mkono, kwa sababu ile hatua ya kuingia kwenye skrini iko juu kidogo kwa mtu mwenye kifua. Taa zikazimwa. Redio akatolewa nje, maana mfanyakazi haruhusiwi kubaki.

Alirudi kwenye ufa wa mlango wakati wake wa kawaida. Lile Jabari linalovimba lilikuwa linapigana, likajikwaa, likaangukia nyumba za upande wa kushoto, na upande wa kushoto ndiko lilikokuwa benchi. Pale benchini alikuwa amesimama mwanamke mwenye aproni ya buluu. Wote walikuwa wanakimbia, yeye hakukimbia, kwa sababu akikimbia anakohoa. Ukuta ulipomjia aliinua mkono, hakujikinga kichwa, alijiziba mdomo. Kisha vumbi likapanda, Jabari likainuka na kutabasamu, na ukumbi mzima ukapiga makofi.

"Pole, dada," Redio akasema mlangoni.

Taa zikawaka. Dada akashuka pamoja na Fundi, nywele nyeupe kwa saruji, kandambili moja mguuni na nyingine mkononi.

"Nipe ufagio," akasema. "Huo wako umechakaa."

Mambo yakakaa hivyo. Watazamaji wa kudumu walimgundua yule mwanamke mara moja, maana hao hawapitwi na kitu. Walibishana sana juu yake. Wengine walisema ni kosa la wapiga picha. Wengine walisema ile aproni ina maana, kwamba ana nguvu zilizofichwa, na kwenye filamu ijayo atatokea kuwa Jabari wa Tisa. Ilichapishwa fulana yake. Meneja, kwa upande wake, aliona ukumbi unafagiliwa na watu watatu, mmoja tu yuko kwenye malipo, akaona hakuna haja ya kuajiri mwingine. Kiti cha kukatia tiketi akapewa mpwa wake.

Redio aliwahi kumwomba Meneja amruhusu kuingia siku moja tu, aone mwanzo. Meneja akamkumbusha sheria ya viti. Redio akasema atasimama. Meneja akasema hakuna sheria ya kusimama.

Kwa hiyo huwa anasimuliwa. Kati ya kipindi na kipindi, wakinyunyizia maji na kusukuma toroli, Dada anamweleza ule mwanzo kipande kipande: rangi ya milango, mtoto anayeendesha baiskeli isiyo na breki, mama mmoja anayemsalimia kila mara kana kwamba hawajawahi kuonana. Hawajawahi kufika mbali. Wakifika penye upepo, watu wanagonga mlango.

"Hapo benchini," Redio alimuuliza jana, "kifua kinakuwaje? Unapumua?"

Nje walikuwa wameshaanza kuimba kwa pamoja, nani atafagia, nani atafagia, wakipiga mlango kwa viganja. Fundi alishapanda, amenyoosha mkono kumsubiri. Dada alikohoa, akasubiri kikohozi kiishe, akamrudishia mdogo wake ufagio.

"Mwanzoni, ndiyo," akasema, akapanda.