Gesi ya Maganda ya Nanasi

Ami yangu Nasser anapika halua hapa Bagamoyo. Moshi wa kuni umemharibu macho. Daktari kamwambia aache, yeye kuacha hataki. Ndiyo nikaunda mtambo wa gesi uani: matangi mawili, la juu limefunika la chini. Ndani kinyesi cha ng'ombe na maganda ya nanasi ya Bi Chausiku muuza juisi. Yakioza yanatoa gesi, tangi la juu linapanda.

Ami akasema, "Sufuria moja ikiiva bila moto kuzimika, kuni nazitoa humu. Ukizimika, matangi yako unayang'oa, unarudi kuendesha bajaji."

Mi sina subira. Nikajaza maganda mpaka pomoni. Nawasha, moto haushiki, uani kunanuka siki.

"Umetengeneza achari," akasema Bi Jokha, mke wa ami.

Nikampigia fundi aliyenielekeza kuunda mtambo. Akasema maganda yamezidi, mtambo umechacha. Acha kuulisha, tia kinyesi na majivu. Na majivu yanapatikana jikoni kwa ami tu.

"Kwa hiyo kuni zangu ndiyo dawa ya gesi yako?"

"Ndiyo, ami."

"Haya, zoa."

Nikatia, nikasubiri. Bora kubeba zege. Mpaka asubuhi moja nikakuta tangi limepanda, nikawasha, moto wa buluu.

Jumapili baada ya alfajiri ami akateleka. Wanga, sukari, hiliki, samli. Akakoroga, na mimi nikampokea mwiko, tukapokezana. Moshi hakuna. Jua limepanda, halua imekuwa nzito, nachungulia uani: tangi limeshuka karibu lote. Moto ukaanza kunywea.

"Ami, unapungua."

"Naona."

"Nilete kuni?"

"Koroga wewe."

Nikakoroga, roho juu. Akaninyooshea vidole, vina makovu matupu.

"Halua ikianza kuachia sufuria, moto unatakiwa mdogo. Miaka yote nachomoa kuni kwa mkono. Leo zimejichomoa."

Moto ulibaki kama wa kibatari, lakini haukuzimika. Tukaipua.

Bi Jokha akaonja. "Haina moshi. Watu watasema siyo ya Nasser."

"Watazoea," akasema ami. Akatazama kuni zake pale ukutani, akanigeukia. "Mpelekee Chausiku hizo, achemshie chai. Mwambie maganda asimpe mtu mwingine."

"Sawa, ami."

"Na uwe unatia kidogo kidogo. Achari mke wangu anajua kutengeneza."